Popapu Inayomfungukia Roboti na Kumgomea Mgeni

Majaribio ya kiotomatiki ya tovuti huanza na upendeleo ambao wajaribu wengi hawauoni. ChromeDriver, programu inayoiunganisha Selenium (kifaa cha kuendesha kivinjari kwa majaribio) na Chrome, huiwasha Chrome ikiwa imekwisha kuamriwa isizuie madirisha ibukizi, yaani popapu. Amri yenyewe ni `--disable-popup-blocking`, na huhitaji kuiandika, unaandikiwa. Puppeteer, kifaa kingine cha kazi hiyo, hufanya vivyo hivyo, na Playwright pia. Kwa Firefox, mipangilio inayowekwa kivinjari kinapoendeshwa na roboti huigeuza `dom.disable_open_during_load`, ambayo ndiyo swichi ya kizuizi, kuwa `false`, na matokeo ni yale yale. Basi jaribio likibonyeza kitufe na dirisha jipya likafunguka, kilichothibitishwa ni kwamba dirisha hufunguka mahali ambapo kizuizi kimeondolewa. Mgeni aliyekaa barazani na simu yake hajaondolewa chochote.

Ninaandika haya kutoka Malindi. Kazi yangu ni kujaribu mifumo ya kuweka nafasi: vyumba vya wageni, safari za mashua za kwenda kuangalia matumbawe kwenye hifadhi ya bahari, teksi za kutoka uwanja wa ndege. Ni biashara ndogo. Wenyewe hawana idara ya teknolojia. Wana simu, daftari, na mtu wa mapokezi anayejua Kiitaliano cha kutosha. Mgeni akishindwa kulipa, lawama zote humwangukia huyo aliyekaa mezani. Kwa sababu hiyo suala la popapu, ambalo kwenye maelezo ya vifaa vya majaribio hupewa mistari miwili mitatu, mimi nalichukulia kwa uzito mkubwa.

Habari ilinifikia kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Casuarina. Nilikwenda kwake kwa shughuli nyingine kabisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo hapo akaniambia: "Mwanangu, hawa wageni wangu wanasema kitufe cha kulipa kimekufa. Wanabonyeza, wanabonyeza, hakuna kitu. Mwisho wake wananiletea noti za yuro." Kijana wake wa mapokezi akadakia kwamba jioni ndiyo mbaya zaidi, na wenye iPhone ndio wanaohangaika kuliko wote. Nilimwomba arudie. Jioni, na iPhone. Kwa mjaribu, maneno mawili hayo yana thamani kubwa, maana yanaonyesha pa kuanzia kuchimba. Huku kwetu, majaribio yote ya malipo yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu.

Kitufe chenyewe kilifanya hivi. Mgeni akikibonyeza, ukurasa hutuma ombi kwenye seva yetu: tengeneza malipo ya chumba hiki, usiku huu, kiasi hiki. Seva nayo huiuliza kampuni ya malipo ya kadi, hupewa anwani ya ukurasa wa kulipia, huirudisha. Ukurasa ukishaipata anwani ndipo huita `window.open` kufungua dirisha la kampuni ya malipo. Ukiutazama msimbo huo kwenye kompyuta yenye intaneti nzuri, huoni dosari. Kila kitu hutokea kwa kasi ya kupepesa jicho.

Ili kuelewa kwa nini unavunjika, inabidi kurudi nyuma kidogo. Waliotumia saiba za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawahitaji kuelezwa kwa nini vivinjari vilianza kuzuia madirisha. Ulilipia dakika, na dakika zako zikaliwa na kufunga matangazo ya kasino, moja baada ya jingine, mengine yakizaa mengine kila unapoyafunga. Mmoja wa walioandika msimbo wa matangazo ya kwanza ya aina hiyo ni Ethan Zuckerman, alipokuwa akifanya kazi Tripod, kampuni ya kuhifadhi tovuti za watu, miaka ya 1990. Kampuni moja ya magari ilikuwa imekasirika kukuta tangazo lake ndani ya ukurasa wa ngono, na dawa iliyopatikana ikawa kulitoa tangazo nje ya ukurasa, lipewe dirisha lake. Mwaka 2014 aliandika kuomba radhi. Kufikia wakati huo vizuizi vilikuwa kila mahali: Opera na Mozilla vilitangulia, na mwaka 2004 Microsoft ikakiweka kizuizi ndani ya Internet Explorer pamoja na Windows XP SP2.

Tatizo ni kwamba `window.open` ile ile iliyotumiwa na matangazo ndiyo inayotumiwa na benki, na kampuni za malipo, na mfumo wa kuchapisha risiti. Kivinjari hakiwezi kusoma nia ya aliyeandika msimbo. Kwa hiyo kinaangalia jambo moja tu: je, kuna mtu aliyegusa ukurasa huu sasa hivi?

Hapo kwenye "sasa hivi" ndipo penye habari yote. Kiwango cha HTML, yaani kanuni rasmi za kurasa za wavuti, kinaeleza kwamba mguso wa kweli wa mtumiaji huupa ukurasa ruhusa ya muda. Kubonyeza kipanya huhesabiwa. Kubonyeza baobonye huhesabiwa, isipokuwa kitufe cha Escape. Kwenye skrini ya simu, ruhusa huja kidole kinapoinuliwa, na kidole kinachoburuza ukurasa juu na chini hakihesabiwi. Kiwango hakilazimishi idadi ya sekunde. Kinasema tu muda huo uwe mfupi. Chrome hutoa kama sekunde 5, na Firefox huanza na sekunde 5 pia. Safari, kivinjari cha iPhone, ni kali zaidi, na `window.open` inayoitwa baada ya kusubiri jibu la seva mara nyingi hukataliwa. Tena kwenye iPhone hata mwenye kutumia Chrome huwa anatumia WebKit, injini ile ile ya Safari, kwa hiyo kumwambia mgeni "jaribu kivinjari kingine" hakumsaidii.

Sasa rudi kwa kijana wa mapokezi. Jioni, wageni wote wamerudi kutoka baharini, kila mmoja ana simu mkononi, mtandao wa eneo zima umelemewa. Ombi linatoka barazani, linashuka Mombasa, linapita kwenye nyaya chini ya bahari hadi seva iliyo Ulaya, seva inauliza kampuni ya malipo, jibu linarudi njia nzima. Likifika katika sekunde ya sita, ruhusa ya mguso imekwisha. `window.open` inaitwa, kivinjari kinaikataa kimya kimya, na kinachobaki ni alama ndogo kwenye upau wa anwani ambayo mgeni hana sababu ya kuiangalia. Kwenye simu ya iPhone hata hizo sekunde tano huzipati. Mgeni anabonyeza tena, anasubiri tena, anakwenda kutafuta noti za yuro.

Uitaliano wa wageni hawa nao una historia yake. Pale Ngomeni, kaskazini mwa mji, ndiko liliko jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walirushia setilaiti yao San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967. Tangu enzi hizo Malindi na Italia hazijaachana: nyumba, mikahawa ya aiskrimu, wageni wa Desemba na wa Agosti. Mtu anayeandika mfumo wa malipo akiwa mbali na hapa anaweza kudhani mteja wake wa kawaida ana Android na Chrome, na kwa Wakenya wengi atakuwa sahihi, na wengi wao watalipa kwa M-Pesa bila kuona dirisha lolote jipya. Lakini mwenye kulipa kwa kadi katika mji huu mara nyingi ametoka Italia, na mara nyingi ana iPhone. Watu hao hao ndio msimbo wetu ulikuwa ukiwagomea.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumnyang'anya roboti upendeleo wake. Kwenye Selenium, katika chaguo za Chrome, kuna `excludeSwitches`. Unaipa orodha ya amri ambazo ChromeDriver isiziongeze, na humo unaandika `disable-popup-blocking`. Kwenye Playwright na Puppeteer kuna `ignoreDefaultArgs`, nayo unaipa amri hiyo hiyo, safari hii pamoja na vistari vyake viwili vya mbele. Kwenye Firefox unairudisha ile `dom.disable_open_during_load` kuwa `true`. Ni mistari michache sana ya usanidi. Sishauri kuiwekea kila jaribio lako. Majaribio yanayokagua bei za vyumba hayana haja nayo. Tenga kundi dogo la majaribio yanayogusa madirisha mapya, uliendeshe kwa kivinjari chenye kizuizi kama cha mgeni.

Kabla ya kuliamini kundi hilo, kuna jaribio moja linalopaswa kutangulia yote, na hili nalisisitiza kuliko lolote jingine katika makala haya. Tengeneza ukurasa mtupu ambao, ukifunguka tu bila mtu kuugusa, huita `window.open`. Jaribio lihakikishe kwamba dirisha HALIKUFUNGUKA. Likifunguka, basi kizuizi hakifanyi kazi katika mazingira yako, na majaribio yote yanayofuata yasimame hapo hapo yakiwa mekundu. Sababu ni kwamba kuna njia nyingi za kizuizi kupotea bila kukuarifu. Toleo jipya la kifaa linaweza kubadilisha jina la chaguo. Mtu anaweza kuongeza amri kwenye faili jingine la usanidi. Na hali ya Chrome isiyoonyesha dirisha ilikuwa kwa miaka mingi programu tofauti na Chrome unayoiona kwenye kioo. Kuanzia toleo la 112, mwaka 2023, ndipo ilipokuja hali mpya inayotumia Chrome ile ile. Mimi kundi hili huliendesha kwenye Chrome kamili, ile inayosakinishwa na mtu wa kawaida, na jaribio la ukurasa mtupu ndilo mlinzi wake.

Kuna pia kompyuta ya mwandishi wa msimbo. Huyu mara nyingi alikwisha kubofya "Ruhusu daima" kwa tovuti yake zamani, akasahau. Kwake popapu zitafunguka hadi siku atakayobadilisha kompyuta. Anapokuambia "kwangu inafanya kazi" anasema kweli tupu. Mwombe afungue wasifu mpya wa kivinjari usio na historia, halafu mzungumze.

Nikishaweka kizuizi, swali linalofuata ni roboti anagusaje. Playwright ikibofya kwa `page.click`, au Selenium kwa `click` yake ya kawaida, kivinjari hupokea tukio kama lililotoka kwenye kipanya halisi, na ruhusa ya mguso hutolewa. Lakini kuna tabia imeenea ya kukwepa. Kitufe kikifunikwa na bango la vidakuzi, `click` ya kawaida hushindwa, na mjaribu mwenye haraka huandika msimbo wa JavaScript unaoita `click()` ndani ya ukurasa. Kwa kiwango cha HTML, bonyezo la namna hiyo halikiaminishi kivinjari kwamba mtu amegusa. Sifa yake ya `isTrusted` ni `false`. Lingekuwa linazuiwa tu, tungejua. Puppeteer, hata hivyo, ikiendesha msimbo ndani ya ukurasa kwa `evaluate`, huiambia Chrome ihesabu uendeshaji huo kuwa ishara ya mtumiaji. Yaani umekiwasha kizuizi, umekithibitisha, halafu mstari mmoja wa kukwepa bango la vidakuzi umekizima tena kwa mlango wa nyuma. Katika kundi hili la majaribio nimepiga marufuku kubofya kupitia JavaScript. Bango likifunika kitufe, roboti alifunge bango kwanza, kama mgeni atakavyolazimika kulifunga.

Ukiwa na shaka kama ruhusa ipo au haipo, usikisie. Ukurasa wenyewe unaweza kuulizwa kwa `navigator.userActivation.isActive`. Firefox iliipata katika toleo la 120, mwaka 2023, na Chrome na Safari zilikuwa nayo tayari. Mwombe mwandishi wa msimbo aiandike kwenye kumbukumbu mstari mmoja kabla ya `window.open`. Siku moja ya kumbukumbu hizo kutoka kwa wageni halisi itakufundisha mengi. Usiiulize kwa `evaluate` ya roboti, kwa sababu ile niliyoieleza hapo juu.

Kisha unaleta jioni ya Malindi ndani ya jaribio. Kupima kitufe cha malipo kwa seva inayojibu papo hapo ni kuipima ngalawa ikiwa imekaa mchangani. Kwenye Playwright kuna `page.route`, inayokuwezesha kulishika ombi njiani, kulichelewesha muda unaotaka, kisha kuliachilia. Mimi hulichelewesha sekunde saba, kwa makusudi ya kuvuka mpaka wa sekunde tano za Chrome. Sikutumia mbinu ya kupunguza kasi ya mtandao mzima, ingawa Chrome inayo. Kupunguza kasi huchelewesha picha, fonti na kila kitu, na jaribio huanza kushindwa kwa sababu zisizohusiana. Ninachotaka ni ucheleweshaji mmoja, mahali pamoja, kati ya mguso na dirisha. Msimbo wetu wa wakati ule ulipopitishwa hapo ulishindwa mara ya kwanza na kila mara baada yake. Nilifurahi. Malalamiko ya mama wa Casuarina sasa yalikuwa na jaribio jekundu linaloweza kuonyeshwa kwa mtu yeyote, saa yoyote, hata aliyekaa kwenye ofisi yenye mtandao mzuri.

Nilimpigia mwenzangu anayeandika msimbo. Akasema, "Kaka, hapo ni mtandao wao tu. Jioni kila kitu huwa kizito huko."

Nikamwambia, "Ni kweli. Na wageni watalipa kwa mtandao huo huo Desemba yote. Huyo mama tumwambie nini?"

Akanyamaza kidogo, akaniomba nimtumie jaribio. Nashukuru hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi.

Tulijadili njia mbili. Ninayoipendelea mimi ni kuachana na dirisha jipya kabisa: mgeni akibonyeza Lipa, ukurasa ule ule unakwenda kwenye anwani ya malipo, na akimaliza anarudishwa. Kuhamisha ukurasa wenyewe hakuguswi na kizuizi cha popapu. Mwenzangu alihofia kwamba mgeni akirudi atakuta fomu tupu, majina na tarehe zote zimefutika, na hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni kuihifadhi nafasi kwenye seva kwanza, ipewe namba, na namba hiyo iende na kurudi kwenye anwani. Ni kazi zaidi, ila inaondoa tatizo lenyewe. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua hii. Dirisha jipya kwenye simu ni usumbufu hata linapofunguka, maana mgeni akimaliza kulipa hajui kichupo cha kwanza kimeenda wapi.

Hatukuwa na uhuru huo mara moja, kwa sababu mfumo wa kampuni ya malipo ulitaka dirisha lake. Basi tukatumia njia ya pili: fungua dirisha papo hapo mguso unapotokea, likiwa tupu, liandike "Tafadhali subiri, tunaandaa malipo", halafu anwani ikifika lielekeze huko. Dirisha limefunguliwa ruhusa ikiwa hai, na likishafunguka hakuna anayejali jibu la seva lichukue sekunde ngapi. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Seva ikishindwa, dirisha tupu lisiachwe likining'inia. Lifungwe kwa msimbo na mgeni aelezwe kwenye ukurasa wa kwanza, na hilo liwe na jaribio lake. La pili ni `noopener`, agizo la kukata uhusiano kati ya dirisha jipya na ukurasa uliolifungua. Wengi huiweka kwa usalama, na ni jambo jema kwingine, ila ikiwepo `window.open` hurudisha `null` (yaani hakuna kitu) hata dirisha likiwa limefunguka, kwa hiyo huna mkono wa kulielekeza baadaye. Kwa mbinu hii unaiacha, na kabla ya kulielekeza dirisha kwenye tovuti ya nje unaifuta `opener` yake, kiungo chake na ukurasa uliolifungua, wewe mwenyewe.

Hiyo `null` inastahili jaribio pia. Dirisha likizuiwa, `window.open` hurudisha `null`, na ukurasa wenye adabu huiangalia. Ikiwa ni `null`, mwonyeshe mgeni kiungo cha kawaida: "Fungua ukurasa wa malipo". Akikigusa, huo ni mguso mpya, na kitafunguka. Kujaribu njia hii hakuhitaji kizuizi halisi. Kwa `addInitScript` ya Playwright unaibadilisha `window.open` kabla ukurasa haujaanza, irudishe `null` daima, kisha unahakikisha kiungo kinaonekana na kinaelekea penyewe. Ni jaribio jepesi, halitegemei saa wala kivinjari, na linaweza kukaa pamoja na majaribio ya kila siku. Uangalifu mmoja tu: msimbo unaotumia `noopener` na wakati huo huo kuichukulia `null` kama dalili ya kuzuiwa utamwambia mgeni amezuiwa huku dirisha liko wazi mbele yake. Nimeuona kwenye tovuti nyingi.

Kizuizi kilipowashwa, kilifichua jambo jingine ambalo hakuna aliyelalamikia. Upande wa safari za mashua, mgeni akithibitisha nafasi, kitufe kimoja kilifungua risiti na ramani ya mahali pa kupandia, madirisha mawili kwa mpigo. Kwa roboti mwenye upendeleo yote mawili yalifunguka. Kwa Chrome ya kawaida, dirisha la kwanza huila ruhusa ya mguso, na la pili hukataliwa. Mguso mmoja, dirisha moja. Wageni walikuwa wakipata risiti bila ramani, halafu wanampigia nahodha kuuliza mashua iko wapi, naye akidhani hawasomi maelekezo. Sasa ramani imo ndani ya ukurasa wa risiti.

Fomu za nafasi zinazopachikwa ndani ya tovuti ya hoteli kwa `iframe`, yaani ukurasa ndani ya ukurasa, zina kizuizi chao cha ziada. Mwenye tovuti akiiwekea `iframe` hiyo `sandbox` (uzio wa kuibana) bila kuandika `allow-popups`, hakuna dirisha litakalofunguka, mguso uwepo usiwepo, na amri ya kuzima kizuizi cha popapu haisaidii. Hapo ni kuzungumza na mwenye tovuti.

Kuhusu kulisubiri dirisha lenyewe nitasema kidogo, maana limeandikwa sana. Kwenye Playwright, anza kusikiliza tukio la `popup` kabla ya kubofya. Ukianza baada ya kubofya, dirisha la haraka litakupita. Kwenye Selenium, kumbuka kitambulisho cha dirisha la kwanza, subiri idadi iongezeke, kisha tafuta kipya kwa kulinganisha. Usitegemee mpangilio wa orodha, haujaahidiwa. Na usiandike `sleep`, amri ya kusubiri sekunde ulizokisia.

Upande wa iPhone bado nashika simu mkononi. Playwright huja na WebKit yake, iliyojengwa kutoka msimbo ule ule wa wazi, na ninaitumia kila siku kwa mengine, lakini hiyo siyo Safari iliyo mfukoni mwa mgeni pamoja na mipangilio yake ya popapu. Kabla ya msimu kuanza, nakwenda na simu hiyo kwenye nyumba ya wageni yenyewe, jioni, kwa mtandao wa pale pale, nalipa kiasi kidogo na kurudishiwa. Kijana wa mapokezi hukaa karibu na kutazama, na amekuwa na jicho zuri kwa mambo haya.

Yeye ndiye aliyeniuliza kuhusu wageni wanaoingia kupitia Instagram. Swali lake ni zito. Kiungo kikifunguliwa ndani ya programu kama hiyo, ukurasa huendeshwa na kivinjari kidogo kilichomo ndani ya programu, na huko sheria ni nyingine. Kwenye Android, kwa mfano, WebView, yaani kivinjari hicho kidogo, huanza ikiwa imekatazwa kuiruhusu JavaScript ifungue madirisha yenyewe, na ni mwenye programu anayeamua kubadilisha au kuacha. Majaribio yetu ya Chrome hayafiki huko hata kidogo. Kwa wageni wa njia hiyo tumezungumza upya na kampuni ya malipo, nao wamekubali malipo yafanyike kwenye ukurasa ule ule bila dirisha. Mwenzangu ameanza na nyumba ya yule mama, na kazi yangu wiki hii ni kuandika jaribio linalohakikisha kwamba, tangu kubonyeza Lipa hadi kurudi na risiti, tovuti haiiti `window.open` hata mara moja.